Mto Chini ya Magoti

Kamwene, Fundi.

Jumamosi nilikwenda Makambako kununua misumari, mvua ikanisukumia kwenye banda la video. Walikuwa wanaonyesha filamu ya mtu aliyepooza mwili mzima. Yeye haonekani. Tunaona anachokiona tu: dari, mkono wa muuguzi, nyuso zinazoinama juu yake. Ndugu zake wanagawana nguo zake pembeni ya kitanda, na sauti iliyo ndani yake inapiga kelele kwamba anasikia. Mtafsiri wa banda, anayeisimulia filamu kwa Kiswahili, akatia utani, banda zima likacheka. Mimi nilitoka nje, mvua ikiwa bado inanyesha.

Nilikumbuka nilivyokuja kukupima. Kiharusi kilikuwa kimekulaza miezi minane, na wanao waliona jeneza litengenezwe mapema, mbao za msindano zipate kukauka. Wakaniita mimi, mwanafunzi wako. Kaka yako alisema, "Huyu hasikii kitu." Nikaamini, kwa sababu ilinifaa kuamini. Nikatoa futi, futi yako mwenyewe, nikainyoosha juu ya blanketi kutoka kichwani hadi miguuni. Nikasoma kipimo kwa sauti, pale pale mbele yako.

Miaka sita kila niliposoma kipimo ulisema, "Soma tena, Beno." Hata nikipatia. Mbele ya wateja, mbele ya mchumba wangu. Siku ile ulinyamaza, na ngoja nikwambie ukweli, Fundi: nilifurahi.

Macho yako yalikwenda kwenye magoti, yakarudi usoni kwangu, yakaenda tena kwenye magoti. Mara tatu, mara nne. Mkeo alisema ni ugonjwa. Mimi nikasema unatuaga. Kumbe alikuwa amekuwekea mto chini ya magoti kukupunguzia maumivu, na miguu ilikuwa imekunjwa. Sikufunua blanketi. Wewe ulikuwa unanisahihisha kwa njia pekee uliyobakiwa nayo.

Siku ya mazishi jeneza likawa fupi kwa shubiri nzima. Mchungaji alishafika, kaburi liko wazi. Tukakuvua viatu, haikutosha. Mimi ndiye niliyekushika magoti na kuyakandamiza upande hadi kifuniko kikakubali. Tulikuwa watatu chumbani, na hakuna aliyewahi kulitaja. Nje watu walisifu randa yangu.

Sasa karakana iko mikononi mwangu na hakuna anayenisahihisha. Nilidhani nitapenda.

Kesho nimeitwa Kifanya, kuna mama amepooza na wanawe wanataka apimwe angali hai. Nitakwenda. Lakini futi haitatoka mfukoni kabla sijamwambia mimi ni nani na nimetumwa nini. Nitayatazama macho yake mpaka nijue yanataka nini. Yakikataa, nitarudi Njombe mikono mitupu. Hilo nakuahidi, ingawa wewe sikukuuliza.

Pumzika, Fundi, kwa nafasi ndogo niliyokuachia.

Mwanafunzi wako,
Beno