Muulizeni Mwenyewe

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ni baridi ya asubuhi tu inanionea. Mgongo wako unaendeleaje?

Chuo kimenichukua kwenye utafiti wa usonji. Nilidhani tutazungumza na watu kama mimi. Kumbe wanaulizwa wazazi, walimu, hata majirani. Wenyewe tunapimwa tu. Nikamwambia Profesa, "Muulizeni mwenyewe." Akasema walijaribu, hawajibiwi. Amenipa mtu mmoja, dada mwenye usonji anayepanga vitabu maktaba. Asiponijibu, kazi itaendelea kama zamani nami nirudi kwenye kazi ya kupanga mafaili. Naogopa, Baba.

Binti yako

12 Februari

Binti yangu,

Marahaba, mama. Mgongo umezeeka kabla yangu, lakini tunasukumana hivyo hivyo. Mama yako hajambo, anakusalimu.

Umenitia wasiwasi. Hao wasomi wasije wakakufanya kituko. Na wakituuliza wazazi kuna ubaya gani? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ukiona maji yamezidi unga, rudi. Chumba chako hakijaguswa.

Baba yako

1 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuhurumia.

Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na hiki, Baba, hukukilalia.

Jana nilikaa na yule dada. Nilizima taa inayovuma, nikageuza viti vielekee dirishani, tusitazamane. Pazia likawa linavuta pumzi na kuiachia. Nuru ikatambaa sakafuni, polepole, mpaka kwenye vidole vyetu vya miguu. Profesa akakohoa mlangoni, nikamwashiria atulie. Sijui muda gani ulipita, nilikuwa kama naelea.

Ndipo yule dada akasema, "Kila siku mnauliza kinachoniumiza. Niulizeni ninachopenda."

Akaongea mpaka chai ikapoa. Profesa aliketi sakafuni, anaandika. Sasa maswali tunayatunga upya sisi watatu, na mafaili yamepata mtu mwingine. Nimefurahi mpaka nikalia.

Binti yako

20 Aprili

Bibi Chuo wangu,

Marahaba. Huku wote wazima.

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Basi nami nina swali. Ulipokuwa mdogo, wageni wakikuuliza unaitwaje, unapenda nini, nilikuwa nawajibu mimi haraka haraka, maana wewe uliwatazama tu kama uko ndotoni. Ulikuwa wapi, mama?

Usiharakishe. Nitasubiri.

Baba yako

9 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima kabisa. Najua ulikuwa unachungulia kila siku kama barua imefika, na mama kaniambia ulimkataza asinikumbushe. Ahsante.

Nilikuwa hapo hapo. Majibu yalikuwa njiani, Baba, ila kila yalipofika, wageni walikuwa wameshaondoka.

Binti yako