Karatasi Ndani ya Sweta

Kwako Chepkurui,

Huku Olenguruone tuko salama. Viazi tumevuna na yule ng'ombe mweupe amezaa. Simu zangu hushiki, basi utasoma.

Nikifua sweta uliyoacha, nilipata mfukoni karatasi ya kliniki ya huko Nakuru. Kumbe ulidungwa sindano midomo inenepe! Na mimi ulipofika hapa uliniambia una homa. Karatasi inakukataza kulala kwenye kitanda cha taa za kubadilisha rangi ya ngozi. Nilicheka peke yangu. Kitanda cha taa, huku kwetu ambako mvua ikinyesha tu stima inapotea! Hao watu wanajua wateja wao wanatoka wapi?

Kisha nikasoma mstari wa pili: usijifukize kwa mvuke.

Wewe msichana, kwa nini hukusema? Uliniacha nichemshe majani, nikufunike blanketi, nikushike kichwa juu ya sufuria huku unalia na mimi nakwambia vumilia. Ulipotoka chini ya blanketi umevimba mdomo, nikaongeza maji moto. Nasikia mpaka leo unakunywa uji kwa mrija.

Ningekugombeza, ndiyo, siku nzima. Lakini ningekugombeza mbali na ile sufuria.

Shika simu.

Shangazi yako,
Tapnyobi