Goti Linapona Kabla Mama Zuhura Hajafika

Alhamisi. Mbagala mawingu tangu asubuhi. Mvua inatishia tu, kama mie enzi zangu.

Mke wangu, Mama Zuhura, yuko Tanga. Alikwenda kumhudumia binti yetu aliyejifungua. Arobaini ikaisha, akaongeza siku. Mtoto sasa anaota meno, bibi yake hajarudi. Mie nakula supu ya utumbo kibandani asubuhi na jioni, nasema niko poa.

Siko poa.

Juzi alfajiri niliamka goti la kulia limevimba, linang'aa, la moto. Shuka likiligusa tu, napiga kelele. Mama Zuhura angekuwepo angenichua kwa mafuta ya nazi ya moto huku ananitukana. Nikajichua mwenyewe. Nikalia kama mtoto.

Jirani yangu Shomari akanipakia kwenye bajaji mpaka chumba cha dharura. Daktari ni binti mdogo.

"Shikamoo, babu. Ulianguka?"

"Marahaba. Nianguke wapi, mwanangu, nimelala peke yangu!"

Akacheka, lakini mikono haikucheka. Akapima homa, akachoma sindano gotini, akavuta maji mazito yakapimwe. Alihofia vijidudu. Vingekuwemo, wangenilaza siku hiyo hiyo. Havikuwemo. Ni jongo, nyie wa mjini mnaita gauti. Akanipa vidonge, akasema niweke barafu, ninywe maji mengi, supu ya utumbo marufuku.

"Na usichue, babu. Goti la moto halichuliwi."

Hapo ndipo nilipoumia kweli. Mie nilichotaka ni kuchuliwa.

Shomari, mdomo wake haufungwi, akampigia Mama Zuhura: mzee wako hatembei. Kisha akanipa simu nimsikilize mwenyewe.

"Nakuja Ijumaa. Na hiyo supu utanieleza!"

Nimetukanwa, jamani! Nyumba nzima ikapata joto.

Sasa ishu ni hii. Vidonge vya yule binti ni vikali. Uvimbe umeshuka, leo nimekwenda msalani bila fimbo. Nikaogopa. Akinikuta mzima, si atapanda basi la kurudi kwa mjukuu?

Dawa sitaacha, mie mtundu, si mjinga. Ila jioni hii nimejifunza kuchechemea hapa chumbani. Nimezunguka kitanda vizuri kabisa, nagundua nachechemea mguu wa kushoto.

Ananijua mwanamke yule. Atanikamata mlangoni.

Au nimwambie tu kwamba nilimkumbuka? Hilo neno nitaanza nalo vipi, mzee mzima?