Mama, Mukwe Wake, na Mbuzi Aliyemeza Mkufu

Kamina, Jumapili mchana

Yaya yangu Sharlote, dada yangu mkubwa,

Unisamehe. Tangu mvua zianze unangoja barua yangu, na minyi, mimi mdogo wako, kila siku nasema kesho. Nikikaa niandike, mtoto analia. Akinyamaza, nasinzia na kalamu mkononi. Si kwamba nimekusahau. Hamjambo huko Mulongo? Mgongo wa Baba unaendeleaje? Na maji ya mto, hayakufika kwenye mihogo? Huku tuko wazima. Mtoto ananyonya vizuri, ana mashavu mpaka macho yamepotea.

Nataka nianze na habari ya Mama, maana yule mama muuza samaki aliyekuwa huku atakuwa amerudi kwenu na maneno yake. Atakuambia kwamba mukwe alimvunjia Mama heshima mbele ya watu. Ni kweli, na si kweli. Soma mpaka mwisho ndipo umwambie Baba.

Unajua tulivyoishi tangu Mama aje kunisaidia na mtoto. Nyumba yetu ni chumba cha kulala na saluni ya kupokea wageni, basi. Na bwana wangu Ilunga anashika bukwe, ile miiko ya mukwe na mama mukwe, kuliko wazee: hakai palipo na Mama, hali mbele yake, hamtazami usoni. Akirudi kutoka kazini kwenye reli, anakohoa toka barabarani ili Mama apate kuhama. Mama akisikia kikohozi anabeba mtoto na kutokea nyuma. Mara ngapi bukari, ugali wetu, imeungua kwa sababu ya kikohozi! Njo maana nilikuomba kile kitambaa cha pazia, nigawanye saluni. Nilikuwa nimechoka kuwa ukuta kati yao. Lakini bila Mama ningekufa kwa usingizi, Yaya. Yeye anamwogesha mtoto, anamkanda, anakaa naye minyi nikienda kuuza unga sokoni.

Sasa, Jumapili moja baada ya misa walionyesha filamu katika sali, ule ukumbi wa parokia. Madirisha waliyafunika kwa mabashi, maturubai ya malori, ili kuwe giza, jenereta inanguruma nje, na mwalimu mmoja wa shule anatafsiri kwa sauti na kuongeza ya kwake. Mama hakutaka kwenda, eti filamu ni uongo. Nikamwambia, twende, uongo wenyewe ni wa bure.

Ilikuwa ya wezi watatu. Wanajifanya wanamuziki kwenye arusi ya tajiri ili waibe mkufu wa dhahabu, na hakuna anayejua kupiga chombo hata kimoja. Kila wakiukaribia mkufu, baba ya bibi arusi anawaita: njooni, pigeni tena! Mwishoni wanaupata, wanauficha ndani ya majani ya viazi, na mbuzi wa arusi anakula majani pamoja na mkufu. Basi ikabidi waibe mbuzi. Walimfunga kilemba, wakamvika nguo, wakamkalisha ndani ya gari kama bibi mzee.

Yaya, ungewaona watu! Wale wale waliomkimbiza mwizi wa baiskeli sokoni na fimbo, leo wamesimama juu ya viti: "Kimbia! Polisi iko nyuma!" Mwalimu akawauliza, "Bakristu, muko upande ya nani?" Sali ikajibu, "Upande ya mbuzi!" Na Mama, yule wa filamu ni uongo, alikuwa anashika mbavu.

Hapo mtoto akaanza kulia, nikatoka naye mlangoni nimnyonyeshe. Mama siku hiyo alikuwa amejifunika kitenge changu cha kijani, chake kilikuwa bado majimaji kwenye kamba. Ilunga alikuwa kazini, sikumngoja. Kumbe walimwachia mapema. Akaingia kwa mlango wa nyuma, akaona kitenge changu, akaona nafasi tupu kando yake, akakaa. Hakusalimu. Ni mke wake, atasalimu nini? Akaingiza mkono ndani ya mfuko wa karanga uliokuwa mapajani mwa Mama. Mama akadhani ni minyi nimerudi, akamsogezea mfuko.

Wakala pamoja, Yaya. Mukwe na mama mukwe, mfuko mmoja! Na mbuzi alipotoa kichwa chenye kilemba dirishani akamsalimu polisi "meee", Ilunga alicheka mpaka akaanguka begani kwa Mama, na Mama akampiga mgongo kwa furaha.

Jenereta ikazima. Mtu akavuta bashi ili tupate mwanga.

Niliwaona toka mlangoni. Kichwa chake begani mwa Mama, mkono bado kwenye karanga. Walitazamana. Tangu niolewe hawajawahi kutazamana. Mama akavuta kitenge kichwani. Na Ilunga, badala ya kupita mlangoni kama mtu, akaruka dirishani! Nyuma huko mtu akapiga kelele: "Na huyu tena! Mwizi ya karanga!" Sali nzima ikaanguka kwa kicheko.

Nyumbani Mama alifunga mzigo wake arudi Mulongo, bila hata kukaa.

"Treni ya Bukama inapita lini?"

"Mama, mtoto nitamwachia nani?"

"Minyi sikukuzaa juu ya kuniletea haya mbele ya bantu."

"Hakukuona. Ilikuwa giza."

"Mungu anaona mu giza."

Nikachukua mtoto, nikamlaza juu ya mzigo wake. Nikasema, "Sawa. Kama unafunga, mufunge na yeye." Sikulia, nilikuwa nimechoka hata kulia. Mama akakaa chini. Mtoto akalala pale pale juu ya mzigo. Nje, chini ya dirisha, nilijua Ilunga ameketi juu ya ndoo, hathubutu hata kukohoa.

Halafu Mama, akitazama ukuta: "Na ile mbuzi?"

"Mbuzi gani?"

"Ya mukufu. Balimukamata?"

"Sijui, Mama. Si tulitoka pamoja?"

Kisha sauti ndogo kutoka nje: "Hapana. Hawakumukamata."

Kumbe aliporuka, na jenereta ikawaka tena, alibaki hapo hapo nje akatazama mwisho kwenye pengo la bashi! Mama hakugeuka. Akaniambia minyi, kama desturi: "Umuulize mwenye iko inje, mbuzi ilifika wapi." Namuuliza. Naye ananijibu minyi: "Umuambie Mama, ilirudi kwa benye arusi." Nikawa nabeba maneno toka dirishani mpaka kwenye mzigo, toka kwenye mzigo mpaka dirishani. "Umuambie asiruke maneno! Ule polisi munene alienda wapi?" Mwishoni Mama mwenyewe alichoka. "Berna, nyamaza kwanza. Weye wa inje, sema."

Akasema yote, amesimama, mgongo kwenye dirisha. Kwamba mbuzi aliutoa mkufu pamoja na mavi yake mlangoni kwa bibi arusi mwenyewe. Kwamba wezi walipofika kuutafuta, watu waliwapigia makofi na kuwaomba wapige kwenye arusi nyingine. Mama alicheka mpaka mtoto akaamka.

Kisha akajikaza uso. "Ataleta kuku ya kufungua bukwe. Jike, lenye kutaga. Asiniletee jogoo yenye kukonda ya ku stesheni."

Ilunga alilileta jike hilo kwa mikono miwili, akapiga magoti mlangoni, Mama akalipokea. Sasa wanaweza kukaa pamoja na kusemezana. Kula pamoja bado, hiyo inangoja siku atakapokuja na ndugu zake mbele ya Baba. Na karanga? Mama anasema hizo hazihesabiwi, zililiwa gizani.

Leo mchana nimelala, Yaya. Usingizi wa kweli. Nilipoamka waliketi saluni wanabishana kama mbuzi yule alikuwa dume au jike, na hakuna aliyekohoa.

Nisalimie Baba, umwambie hakuna aliyemtukana mke wake. Nisalimie shangazi anayekausha samaki, na katekista wetu, na watoto wako wote. Mimi ndimi mdogo wako anayekupenda,

Berna

Mama anabaki mpaka mtoto atembee, kwa hiyo utume: blanketi lake la pili, rozari yake iliyotundikwa nyuma ya mlango, majani ya kumkandia mtoto, samaki wakavu, na mahindi kidogo ya kuku. Kitambaa cha pazia utume pia, lakini usikishone. Mama atakibebea mtoto.