Chuma Ana Minyoo Moyoni

Msimbati, Mtwara

Mdogo wangu Tumaini,

Nisamehe kwa kunyamaza miezi mitatu. Mtu aliyewaadhibu wanafunzi kwa uvivu wa kuandika hana udhuru. Natumaini magoti yako yamepata nafuu na baridi ya Njombe haijakuzidi. Mimi ni mzima wa mwili, lakini nina hofu.

Chuma ni mgonjwa. Mbwa yule yule ambaye marehemu Mama alimnywesha maziwa kwa kijiko. Alianza kwa kikohozi kikavu, kisha akawa anachoka kabla ya kumaliza kulizunguka shamba. Nguruwe walipoingia kwenye mihogo, alibweka akiwa amelala.

Nilidhani ni minyoo ya tumbo. Bi Somoe, mwenye nyumba wangu, alikuwa amebakiza dawa ya minyoo ya mbuzi wake. Wengi hapa huwapa mbwa dawa hiyo kwa kukadiria kwa macho. Nami nilikadiria, wala sikusoma karatasi yake. Jioni Chuma alitapika, ufizi ukawa mweupe, akaanguka. Nilimshika kifua nikauhisi moyo ukienda mbio, nikaogopa kuondoa mkono.

Daktari wa mifugo alikuja kutoka mjini, akampima damu. Minyoo imo moyoni na katika mishipa ya mapafu, nayo huenezwa na mbu. Nilimweleza nilichofanya.

"Mwalimu," alisema, "dawa ya aina hiyo ni kinga. Hutolewa kila mwezi, kwa uzito wa mbwa, baada ya kumpima. Mwenye minyoo tayari ukimpa ovyo, unaweza kumwua."

Bi Somoe akaongeza lake: "Mbwa analala nje kama askari, wewe umo ndani ya chandarua kama bwana harusi." Alikuwa akinitania hivyo mpaka daktari aliposema kwamba hata paka huugua. Hapo alimpakata paka wake, akauliza kinga yake inapatikana wapi.

Sasa sikiliza kinachonitisha. Sindano za kuiua minyoo ile lazima ziagizwe Dar es Salaam. Minyoo ikifa, mabaki yake yanaweza kuziba mishipa ya mapafu. Kwa hiyo Chuma atapaswa kufungiwa ndani wiki nyingi, asikimbie hata hatua chache. Asipotibiwa, moyo utashindwa. Njia zote mbili zinaweza kumwua.

Nyumba hii ni ya watu wa swala, na sikuwahi kuomba mbwa aingie. Bi Somoe mwenyewe amefungua ghala lake la korosho. Nilipomkumbusha habari ya najisi alinijibu, "Pakinajisika tutapaosha. Akifa, hatutamwosha akarudi."

Daktari anataka jibu Ijumaa, kabla barua hii haijakufikia. Kwa simu nisingeweza kukiri habari ya dawa ya mbuzi. Yule ni mbwa wa Mama, Tumaini, na mkono uliomdhuru ni wangu.

Watoto wa Chuma ulio nao wapimwe, kisha waanzishiwe kinga. Usiitegemee baridi ya huko kuwazuia mbu.

Msalimie shemeji, na shangazi anayekaa nawe, na binamu yetu fundi cherehani. Mama mkwe wako usimwambie bado.

Nikishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Kaka yako,
Augustino