Waipa Mpya za V8 ya Baba

Jumamosi, Musoma. Mwezi wa nne, mvua inakuja inakatika, na roho yangu imenyong'onyea.

Jana baba alikuja kutoka Nyamuswa akiendesha mwenyewe ile V8 yake nyeusi. Kuingia getini kwangu akakwangua nguzo. Wala hakushtuka. Alishuka, akapiga tairi teke, akasema, "Mama, waipa zimenichosha. Kioo kina ukungu tu. Kesho ukaninunulie zingine." Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Nguzo yenyewe ni nyeupe, na iko palepale miaka yote.

Tangu jana najiambia ni waipa, moyo unaniambia ni macho. Nimemwomba Mungu ziwe waipa.

Asubuhi nikaenda na gari lake duka la spea. Kumbe kuchagua waipa nako ni kazi! Kuna za fremu ya chuma, kuna bapa, halafu ya dereva ni ndefu kuliko ya abiria. Nikaokota za bei ya chee, muuzaji akacheka. "Dada, hilo ni gari la waheshimiwa, unalivalisha kandambili?" Haya, nikachukua bapa, zile nzuri. Kisha akapitisha kidole kwenye mpira wa zile za zamani, akanusa.

"Hizi nani kazipaka samli?"

Jamani! Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Nani mwingine? Baba hupaka samli kila kitu kinachokauka: kamba za ngozi, mikanda, viatu vya kanisani, hadi visigino vyake. Ndivyo wafugaji wetu walivyo, kitu kisikakamae, kipake samli. Nikafurahi kuliko nilivyofurahi mwaka mzima huu. Kumbe ukungu wote ule ni samli!

Wakati fundi anazifunga nikakumbuka pikapu yetu ya zamani, nikiwa darasa la nne. Waipa ilikuwa moja, tena ya kukwama, na baba alikuwa anatoa mkono dirishani anaisukuma huku tunakwenda mnadani Butiama. Mvua inamwagika, mimi sioni hata pua ya gari, yeye ananyoosha kidole mlimani. "Unamwona yule ng'ombe mwekundu mwenye baka? Ni wa mjomba wako, kapotea tangu juzi." Tukifika, kweli ni yeye. Nilikuwaga naamini baba anaona mpaka kesho. Ningepewa nafasi ya kurudi mahali pamoja tu duniani, ningerudi kwenye kiti kile, miguu haifiki chini, siogopi kitu.

Nyumbani nikaosha kioo kwa sabuni mara tatu. Nikajaribu waipa mwenyewe, maji yakafutika yote, kioo kikang'aa.

Jioni tukatoka, baba kwenye usukani, tukashika barabara ya Bunda. Mvua ilikuwa imekata kabisa. Mbele yetu ng'ombe walikuwa wanavuka, kundi zima, na mchungaji anawaswaga. Baba akawasha waipa. Akaziongeza kasi. Zikawa zinakwaruza kioo kikavu, na mguu wake bado uko kwenye mafuta.

"Baba, ng'ombe!"

Akakanyaga breki. Tulisimama karibu kabisa na ndama mmoja, mchungaji akatutukana kwa haki yake. Baba akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Na hizi nazo mbovu," akasema polepole. "Kazirudishe, mama."

"Sawa, baba."

Ndivyo nilivyojibu, mwoga mimi. Nikasingizia nataka kuonja gari, tukabadilishana viti, nikaendesha kurudi nyumbani huku namsimulia habari za wajukuu. Mzee aliyekuwa anamtambua ng'ombe wa mjomba mlimani ndani ya mvua, leo hakuliona kundi lililo barabarani. Najua ugonjwa wa mtoto wa jicho unatibika, shangazi alifanyiwa upasuaji na sasa anasoma Biblia bila miwani. Si matibabu ninayoyaogopa. Naogopa uso wake nikimwomba ufunguo.

Sasa hivi yuko sebuleni anasikiliza redio, ufunguo uko mfukoni mwake, na keshokutwa anataka kurudi Nyamuswa peke yake.

Kesho, kabla hatujaenda misani, nitakaa karibu naye, nimshike mkono, nimwambie: Baba, waipa ni nzima.