Gari la Baba Yako Bado Linahema

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, mvua imekatika.

Mpendwa mjukuu wangu na mtani wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua chako kimepona? Vaa sweta, usione aibu, baridi haina adabu. Mimi ni mzima kabisa. Goti linalia kidogo nikiinuka, lakini meno ninayo, macho ninayo, na barua hii naiandika kwa mkono wangu, bila miwani, bila kumwomba mtu. Katika rika langu tumebaki wawili tunaosimama wima, na mwenzangu anasimama kwa mkongojo.

Mama yako anakula, anafua, anakwenda kazini. Nikisema hajambo sitakuwa nimesema uongo. Ila kuna jambo, ndiyo maana barua hii nampa jirani yetu mwalimu anayesafiri kuja huko kesho. Simu sitaki. Kuta za nyumba hii ni nyembamba na mama yako ana masikio ya paka.

Ni habari ya lile gari la umeme la marehemu baba yako, mkwe wangu.

Unakumbuka alipolileta nilivyocheka. Gari halingurumi, halinuki mafuta, litakuwaje gari? Nikamuuliza betri yake itadumu misimu mingapi, mimi niliyefufua betri za mji mzima, za malori, za matrekta, hata ya gari la kubebea maiti. Akasema, "Baba, betri hii itanizika." Tukacheka sote. Basi ndiyo hivyo, imemzika. Moyo wake ulisimama akiwa kazini, na gari lilikuwa nje limejaa chaji.

Tangu mazishi, mama yako alikuwa akiliegesha bandani, ubavuni mwa ukuta wa chumba anacholala. Waya wa chaji ulikuwa hauchomolewi usiku wala mchana. Baba yako hakuwa akifanya hivyo. Yeye alikuwa akisema betri ni kama tumbo, ukilishindilia kila siku linazeeka mapema. Mama yako aliogopa lisije likazimika.

Sababu nakwambia, lakini usimwambie kwamba nimekwambia. Ni kiti. Ukifungua mlango wa dereva huku ufunguo wa marehemu uko mfukoni, kiti kinarudi nyuma chenyewe, mpaka pale pale palipotosha miguu yake mirefu. Hakuna mtu ndani, lakini kinampisha mtu. Mama yako anakingoja kimalize, anafunga mlango, anazunguka, anakaa upande wa abiria. Hawashi, haendi popote.

Sasa sikiliza. Kabla ya mvua hizi alilitoa mara moja tu, na kwenye barabara mbovu likapigwa na jiwe tumboni, na huko tumboni ndiko betri kubwa iliko. Kuanzia hapo feni ikawa inavuma yenyewe, gari limezimwa. Akaniita. Nikalala chini, nikaweka sikio kama tulivyofanya sote karakanani kwetu. Betri za maji huwa tunazisikiliza: ikichemka polepole, inakula chaji, iko hai. Nikasikia pumzi. Nikamwambia, "Linahema tu, mwanangu. Lina uhai. Liache lile chaji."

Neno hilo nililisema kifundi. Yeye alilisikia kama mjane. Tangu siku hiyo ndiyo kabisa, waya ule hata ukiugusa alikutazama kama mwizi.

Akaja fundi wa magari ya umeme, yule binti tunayemwita Koleo kwa jinsi asivyoachia neno. Akaweka kiganja, akanusa, akachomoa waya bila kuniomba ruhusa. Kulikuwa na harufu tamutamu, kama rangi ya kucha. Mimi nilidhani ni manukato ya mama yako. Koleo akasema betri imeumia ndani, na ile feni inahangaika kuipoza. Eti betri ya namna hiyo ikiumia inaweza kukaa kimya siku nyingi, halafu ikalipuka moto ghafla, moshi wake sumu, na hata zimamoto wakishaondoka moto unaweza kurudi. Nikamwambia mimi nilishika betri kabla mama yake hajazaliwa.

Akasema, "Babu, za kwenu zilikuwa zinakufa. Hii haijui kufa."

Nilinuna, na mpaka leo naona hakulelewa vizuri. Lakini jioni ile ile niliita majirani tukalisukuma hadi uwanja mtupu nyuma ya kiwanda cha matofali, mbali na nyumba za watu. Nilisukuma mbele ya wote, uwaulize.

Nilidhani yameisha. Kumbe mama yako amelifuata. Kila akitoka kazini anapita pale, anafungua mlango, anangoja kiti, anazunguka, anakaa. Feni inavuma naye ametulia, uso wake kama mtu anayesikilizia mtu mwingine akipumua usingizini. Koleo yuko tayari kuja na gari la kuvuta, alipeleke wanakofungua betri hizo kwa usalama. Mama yako ana jibu moja tu, "Mpaka mwanangu aseme."

Nikatafuta dawa yangu mwenyewe. Chini ya boneti mna betri ndogo ya kizamani, ya risasi na asidi, ndugu wa zile zangu. Ndiyo inayokisogeza kile kiti. Nikasema nikiifungua hiyo, kiti kitanyamaza, naye hatakuwa na cha kufuata. Jana asubuhi nikaenda na spana, ufunguo mfukoni. Nikafungua mlango ili nivute kamba ya boneti.

Kiti kikarudi nyuma. Polepole, kama mkwe mwenye heshima anayempisha baba mkwe.

Kamba sikuivuta. Nikajikuta nasema, peke yangu pale uwanjani, "Mkwe, niachie mwanangu."

Feni ikavuma. Nikaurudisha mlango taratibu, kama unavyofunga mlango wa mtu aliyelala, nikarudi nyumbani na spana yangu safi. Mimi, ambaye hakuna betri iliyowahi kunishinda. Hilo usimsimulie mtu.

Kwa hiyo mjukuu wangu, barua ikikufikia usimalize hata chai yako, mpigie. Usimweleze habari za betri, hatakusikia. Usimwambie liuzwe wala livutwe, hayo tutayafanya mimi na Koleo. Mwambie neno moja tu, ashuke. Wewe una sauti ya baba yako, kila mtu anasema hivyo. Kwako atashuka.

Nisalimie mkeo, na mwambie mtoto wenu babu mkuu bado anaweza kumbeba mgongoni. Shangazi yako mnene anakusalimu, na mjomba wako kinyozi anauliza nani anakunyoa huko. Mungu akufunike, akupe usingizi mwema na nyumba isiyo na moshi.

Koleo ametukataza kukaribia. Lakini kila mama yako akikaa mle, stuli yangu naiweka ubavuni mwa mlango wa abiria, niweze kumfikia mkono nimvute moto ukiwaka.

Namsikia anachukua ufunguo ukutani. Leo Jumapili hana kazi, anakwenda mapema. Naishia hapa, nimuwahi.

Ni mimi babu yako akupendaye, mzima bado,
Fundi Betri